Kibao Shingoni mwa Mukaka

Maître Gamaliel alikaa kwenye benchi la wanafunzi waliochelewa. Hakuna aliyemwambia akae pale. Lilikuwa benchi pekee mbele ya biro ya directeur, mkuu wa shule, na asubuhi ile hakuitwa kama mwalimu wa darasa la tano, aliitwa kama mzazi. Watoto watatu wa darasa lake mwenyewe, waliochelewa kweli, walimpisha, wakamwamkia "Bonjour, Maître," kisha wakabaki wanatazama vidole vya miguu yao. Alikaa nao karibu nusu saa.

"Ingia, Maître. Ikala," directeur akamwambia hatimaye. Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtia Gamaliel wasiwasi. "Ni maneno ya Hadassa. Niko nakuambia kama ndugu, hapana kama chef. Mutoto iko na miaka kumi. Iko mu troisième, darasa ya tatu, mara ya pili. Ukimupa ya kukopia, anakopia muzuri kupita bote. Lakini ukimuambia asome, hakuna kitu. Na akisema, mwalimu wake hamusikie. Anasema sawa mutu mwenye bugali mu kinywa."

"Ku nyumba tunamusikia, Directeur."

"Munamusikia mu luga gani?"

Nyumbani kwa Gamaliel, mtaa wa Vulamba mjini Butembo, watu walisema Kinande, lugha ya kwao, na Kiswahili mgeni akija.

"Njo pale shida iko," directeur akasema. "Batoto benye kusema Français ku nyumba hawana ile shida. Nakupa mpaka Pâques, mpaka Pasaka. Ikibakia vile, tutamutosha mu masomo. Bazazi bameanza kusema, eti mutoto wa mwalimu njo hajue kusoma. Ile inaharibu jina ya masomo yetu."

Gamaliel alirudi darasani kwake akafundisha mpaka kengele ya mwisho. Watoto walipotoka, alitazama msumari nyuma ya mlango. Palikuwa pamening'inia simboli.

Waliosoma kwetu hawana haja ya kuelezwa simboli ni nini, makovu wanayo. Kwa wengine niseme: ni kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto akikutwa uwanjani anasema lugha ya kwao badala ya Kifaransa, anavikwa shingoni. Hakivui mpaka amkamate mwenzake kwa kosa lilelile, amvike yeye. Atakayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa. Gamaliel alikivaa utotoni kule Masereka, akachapwa, akajua Kifaransa, akawa mwalimu. Aliamini mambo hayo yalizaana hivyo hivyo, moja toka kwa jingine. Akakitoa kwenye msumari, akakitia ndani ya begi lake la daftari.

Walikuwa watano kwenye chakula cha jioni. Gamaliel; mke wake Berthe, aliyeuza sokoni samaki wa ziwani Kyavinyonge; binti yao mkubwa Bénite, wa miaka kumi na mitatu; Hadassa; na mama yake Gamaliel, Orpa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mukaka, yaani nyanya. Mukaka alikuwa amekuja kukaa nao baada ya kufiwa na mume.

Gamaliel alisimama akatoa tangazo lake kwa Kifaransa. Tangu leo, nyumba hii inasema Kifaransa tu, kwa ajili ya Hadassa. Atakayekosea atavaa hiki. Atakayekuwa nacho baada ya chakula ataosha masufuria.

Bénite akamgeukia Mukaka amtafsirie. Hakumaliza sentensi, baba yake alikwisha mvika.

"Mutoto amefanya nini?" Mukaka akauliza kwa Kinande. Bénite alikuwa mwepesi, na simboli aliijua vizuri toka masomoni. Akakivua, akamvika nyanya yake.

Kijiko cha Berthe kilibaki hewani. "Papa Bénite," akasema, "ule ni mama yako." Alisema kwa Kiswahili, basi kibao kikahamia kwake.

Hadassa alicheka mpaka akapaliwa. Alidhani ni mchezo, na kwa siku mbili tatu aliendelea kudhani hivyo. Halafu akaona kwamba kibao kinazunguka lakini kinapenda kurudi mahali pamoja. Kilikuwa kinarudi kwa Mukaka, kwa sababu Mukaka hakumkamata mtu. Bénite alipojisahau, Mukaka alitazama pembeni. Hadassa aliposema, na Hadassa alisema mchana kutwa, Mukaka alijifanya hasikii. Mama wa watu, na umri wake, akawa anaosha masufuria ya nyumba nzima kila jioni, kibao kikimgonga kifuani.

Hapa nataka kusema jambo ambalo Gamaliel hakulijua, na inauma kwamba hakulijua, maana lilikuwa linafanyika nyuma ya jiko lake mwenyewe.

Kila siku baada ya masomo, Mukaka na Hadassa walitandika mkeka wakapukuchua maharage. Mukaka alikuwa na hadithi nyingi: chui aliyekuja kuomba moto, mwanamke aliyeficha mvua ndani ya kibuyu. Alizisimulia polepole, na kila alipofika mahali fulani alisimama akamngoja Hadassa ataje kinachofuata. Hadassa alitaja. Alikata vichwa vya maneno, akageuza sauti, ya nyuma akaiweka mbele. Mpita njia asingeambulia kitu. Mukaka hakumcheka wala hakumkaripia. Alilichukua neno lile, akalirudisha likiwa zima, akaendelea na chui wake. Kesho yake alisimama palepale tena, na Hadassa akalitaja vizuri kidogo kuliko jana. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ni kazi. Mukaka mwenyewe angekuambia wanapukuchua maharage.

Sasa walipukuchua kimya. Siku moja Hadassa alianza mwenyewe, "Na chui akasema..." Mukaka akaweka kidole mdomoni, akatazama mlango.

Jumatano moja wamama wa kanisa walikuja kumtembelea. Mukaka alisahau. Alitoka kuwapokea kibao kikiwa shingoni, akakumbuka katikati ya uwanja, akakizungushia mgongoni kama mtu anayeficha doa la nguo. Mama Jokébed, mkubwa wao, aliuliza ni nini kile. Bénite akaeleza kwa Kifaransa safi.

"Maître Gamaliel iko nalea bazungu hapa," Mama Jokébed akasema, na wote wakacheka kwa kumpenda. Habari ikaenda. Mtaani tulimsifu Gamaliel wiki nzima. Nasema tulimsifu, kwa sababu na mimi nilikuwamo.

Jumamosi ile Mukaka alifunga kichwani kitambaa chake cha safari. "Naenda kuangalia viazi vyangu kule Masereka," akasema. Alikivua kibao, akakiweka juu ya kiti, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Gamaliel alimwitia motard wa pikipiki na hakumuuliza atarudi lini.

Pikipiki ilipoanza kunguruma, Hadassa alitoka mbio. Alishika nguo ya nyanya yake akasema maneno mengi kwa mfululizo, kwa Kinande, huku analia. Yalikuwa maneno ya kuvunjika kiasi kwamba baba, mama na dada walitazamana. Aliyeyaelewa ni mmoja tu, naye alikuwa juu ya pikipiki amefunika uso.

Gamaliel alimrudisha mtoto ndani. Hakuwa na hasira. Alifikiri kwamba sheria ni sheria, na kwamba siku ya kuilegeza ndiyo siku inayokufa. Akachukua kibao juu ya kiti, akamvika Hadassa.

Hadassa naye hakumkamata mtu. Kibao kikabaki kwake.

Mwezi wa pili wa sheria ile ulikuta nyumba imetulia. Mezani ilibaki: Sel, s'il te plaît. Merci. C'est bon. Berthe, ambaye sokoni aliweza kumuuzia mtu samaki wa siku tatu kwa mdomo mtupu, nyumbani aliomba chumvi kwa kidole. Bénite alihamia kwa majirani kila alipopata sababu. Gamaliel alirudi toka kazini akakuta kimya, na mwanzoni kimya kile kilimfurahisha, kwa kuwa Hadassa hakukosea tena. Ilimchukua majuma matatu kugundua kwamba hakosei kwa sababu hasemi.

Hakusema Kifaransa. Hakusema Kinande. Alipoitwa alikuja, alipotumwa alikwenda, alipoulizwa alitazama chini. Masomoni aliendelea kukopia herufi nzuri kupita wote.

"Ni woga," Gamaliel akasema. "Itapita."

Berthe aliweka beseni lake la samaki chini. Akajibu kwa Kiswahili, makusudi, akimtazama machoni. "Papa Bénite, leo univalishe ile kibao ama uiache, mi nitasema. Kuna mama mwenye kununuaka samaki kwangu. Mutoto wake hakukuwa anasema muzuri. Bakamupeleka Beni, ku centre moja ya kanisa, kwa mama moja anaitwa Marie-Jeanne. Kazi yake ni kufundisha batoto kusema, kisha banajua na kusoma. Twende."

"Mutoto hana ugonjwa."

"Basi ni nyumba njo iko na ugonjwa. Twende vile vile."

Barabara ya Beni haiendwi kwa mazoea, kwa ajili ya waasi wa porini. Watu huuliza kwanza, "Leo iko namna gani?", na wakiambiwa kumetulia, hupanda haraka kabla jibu halijabadilika. Walipanda pikipiki moja, Hadassa katikati ya baba na mama, begi lake la masomo mgongoni. Berthe alitaka aliache nyumbani. Hadassa alilikumbatia, wakamwachia.

Chumba cha Mama Marie-Jeanne kilikuwa kidogo, chenye meza fupi na viti vya watoto. Gamaliel alikalia kimoja, magoti yakamfika kidevuni. Marie-Jeanne alikuwa mwanamke mnene wa kama miaka hamsini, asiye na haraka. Hakumuuliza Hadassa jina. Alimwonyesha picha ya mbuzi, akanyamaza naye. Alimwaga maharage mezani, akasema jina la mbuzi polepole, na kwa kila kipande cha jina akasogeza harage moja. Hadassa akatazama maharage. Marie-Jeanne akatoa picha ya nyanya anayepika.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa Kifaransa. Kisha kwa Kiswahili. Kisha, kwa sauti ya chini, kwa Kinande.

Hadassa akainama, akafungua begi lake. Ndani, chini ya daftari, palikuwa na kibao. Alikitoa, akajivika mwenyewe shingoni, akakinyoosha kifuani kikae sawa. Alipokwisha kukivaa, ndipo aliposema.

"Ukaka," akasema. Mukaka.

Halafu akaongeza maneno mengine, mengi, yote ya Kinande, yote yamekatika vichwa, na mkono mmoja umeshika kile kibao.

Marie-Jeanne hakumkatiza. Mtoto alipokwisha, aliuliza, "Hii ni kitu gani?"

Berthe alimtazama mume wake.

"Ni simboli," Gamaliel akasema. "Ya masomo. Niliileta ku nyumba. Nilisema atajua Français mbio."

"Na mbele ya kuileta, nani alikuwa anasema na mutoto?"

"Mama yangu."

"Iko wapi?"

"Alienda. Masereka."

Marie-Jeanne alikusanya maharage kiganjani, moja moja. Gamaliel angependa agombe. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Maître, sikia. Mutoto iko na shida kweli. Alizaliwa nayo, hapana makosa ya mutu. Vipande vya neno, yeye havisikie sawa weye na mimi. Na kusoma njo kule: unaangalia alama ku karatasi, unatafuta sauti yake mu kichwa. Kama sauti haiko mu kichwa, atakopia tu mpaka azeeke. Sauti inaingiaka kwa kusema. Kusema mingi, na mutu mwenye kumungoja, mu luga ya mule mutu. Français itakuja kisha, itapata pa kukaa. Mama yako alikuwa anafanya nini na yeye?"

"Maharage," Berthe akasema. "Balikuwa banapukuchua maharage na hadisi. Anasimama, anangoja mutoto ataje. Akikosa, anamurudishia."

Marie-Jeanne alitabasamu kwa mara ya kwanza, na tabasamu lile halikuwa la furaha. "Mi nilisoma miaka mine juu ya kujua ile. Hapa nitamuona saa moja tu, kila kisha majuma mbili, kama barabara inakubali. Mama yako alikuwa anamupa kila siku. Murudishe."

Akamvua Hadassa kibao, akakitia kwenye droo yake. "Hii inabakia hapa."

Njiani kurudi Gamaliel alikaa nyuma kabisa. Upepo ulikuwa mkali na machozi yake yalipata kisingizio.

Alikwenda Masereka wiki iliyofuata, yeye na Hadassa. Kwa directeur alikuwa ameaga kwa maneno machache, na directeur alikuwa amemjibu kwa machache zaidi: nafasi ya mtoto haitangoja. Pikipiki ilipanda milima ya viazi na kabichi hadi kwenye baridi. Gamaliel alimwomba motard amngoje barabarani.

Mukaka alikuwa mlangoni na beseni la maharage. Alipowaona alisimama, akajifuta mikono kwenye kikwembe. Alimtazama mtoto kwanza. Kisha akamtazama mwanawe.

"Bonjour, Maître," akasema.

"Mama," Gamaliel akajibu kwa Kinande, "ni mimi."

"Oui," akasema Mukaka.

Walikaa ndani. Gamaliel alieleza yote: Beni, yule mama, sauti, maharage. Aliomba msamaha. Kinande chake cha kuomba msamaha kilikuwa kimechakaa, alikwama mara nyingi, na Mukaka, kwa mazoea, alimngoja kila alipokwama. Mwishoni akauliza, sasa kwa Kinande chake, "Na kile kibao iko wapi?"

"Nilikiacha Beni."

Mukaka alitazama begi la mwanawe. Lilikuwa lile lile la daftari. Gamaliel alilifungua, akalipindua juu ya mkeka. Zikaanguka picha za Marie-Jeanne na karatasi yenye maelezo ya vipande vya maneno. Mukaka alizigeuza moja moja, akatazama na chini yake.

"Butembo sirudi," akasema. "Nilipita mu uwanja mbele ya bamama ba kanisa na ubao mu shingo kama mbuzi ya kuuzisha. Sirudi. Mutoto anaweza kubakia. Nitafanya naye hii ya karatasi, na ile yetu."

"Abakie, Mama."

Hadassa alikuwa amekwisha kaa kwenye mkeka na maganda mkononi. Hakuna aliyeanza. Mukaka alipukuchua ganda moja, la pili, la tatu. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Gamaliel," akasema bila kuinua macho. "Nikikuona pale, ulimi inakataa. Wa mutoto vile vile. Toka kidogo, mwanangu."

Akatoka. Alizunguka nyuma ya nyumba, nyumba aliyozaliwa, akasimama chini ya dirisha dogo la jikoni. Ukungu ulikuwa unashuka na koti lake alikuwa ameliacha ndani. Kwa muda alisikia maharage tu, yakidondoka kwenye beseni. Halafu sauti ya mama yake ikaanza, chini chini: kulikuwa na chui, moto wake ulizimika. Kimya. Mama yake anangoja. Gamaliel naye akangoja.

Hadassa akataja kinachofuata. Vibaya, nusu nusu, kama zamani. Mukaka akalirudisha neno likiwa zima. Hadassa akacheka, akaongeza lake, ambalo halikuwamo kwenye hadithi, na nyanya na mjukuu wakaanza kubishana juu ya chui. Miezi miwili Gamaliel alikuwa hajamsikia mtoto akicheka. Alisimama na baridi yake akasikiliza, na alijua hakika kwamba akiingia itakatika. Angekaa pale mpaka asubuhi. Lakini barabarani motard alipiga honi, mara moja, mara ya pili, na Gamaliel alihitaji koti.

Alikohoa kwanza, ili wajue. Ndani kukawa kimya kabla hajafika mlangoni.

Alipoingia, Hadassa alisimama wima, miguu pamoja, kama wanavyosimama darasani mgeni akiingia. Mkono wake ulipanda shingoni, ukapapasa, haukukuta kitu, ukashuka.

"Bonjour, Papa," akasema.

Alilisema vizuri, toka mwanzo mpaka mwisho, bila sauti iliyokatika. Lilikuwa ndilo neno la kwanza la Kifaransa alilolitamka sawa, lile lile ambalo baba yake alilingoja tangu mwezi wa kwanza. Mukaka alikuwa anatazama beseni.

Gamaliel alitaka kumjibu kwa Kinande. Alilitafuta neno, lilikuwapo, lilikuwa njiani linakuja, na honi ikapigwa tena.

"Bonjour, Hadassa," akasema kwa Kifaransa. Akachukua koti, akatoka. Alikuwa amekwisha panda pikipiki ndipo sauti zile mbili zilipoanza tena.